Zamu Tatu kwa Jina Moja

Wiki ile niliambiwa mara tatu kwamba hiyo si kazi yangu. Mara ya kwanza na meneja, mara ya pili na afisa wa wafanyakazi, na mara ya tatu na mume wangu, ambaye alisema kwa upole zaidi lakini alimaanisha yale yale: una watoto, una kazi, na Guka si baba yako. Niliwasikiliza wote. Kisha saa ya chakula nikachukua karatasi nyeupe na penseli, nikaenda kusimama katika chumba cha mitambo, nikaanza kuchora.

Nieleze kwanza nilikuwa nani. Nilikuwa, na bado ni, karani wa rekodi katika kampuni ya kuhifadhi mboga na matunda kwenye vyumba vya baridi. Tuna vyumba tisa Ruiru, si mbali na Kamakis, na vingine sita Thika, upande wa viwanda. Mkulima akivuna parachichi au mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayouzwa ng'ambo, huyaleta kwetu yakae kwenye baridi inayofaa mpaka lori la mnunuzi lije. Baridi yenyewe siku hizi haigeuzwi kwa mkono. Kuna kompyuta moja Ruiru inayoamuru vyumba vyote kumi na vitano. Ukiandika nne, chumba kinashuka hadi nyuzi nne. Ukiandika kumi na nane, kinapanda hadi kumi na nane, na mashine haikuulizi kama una akili timamu. Kila asubuhi mimi huchapisha rekodi ya siku iliyopita: chumba gani, baridi kiasi gani, nani aligeuza, saa ngapi. Mnunuzi akiwa na shaka, husoma faili yangu.

Guka ni babu kwa Kikuyu, na ndivyo tulivyomwita opereta wetu mkongwe, hata mimi niliyetoka magharibi nisiye na babu Mkikuyu. Alikuwa na mitambo ile tangu ikigeuzwa kwa spana. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi kidogo astaafu.

Jumatano moja, mishiri ikiwa imejaa, mpakiaji alifungua chumba cha sita saa kumi na moja jioni akatoka amevua koti. Tukajua kuna jambo. Ndani mlikuwa na joto la sebuleni. Makreti ya kikundi cha wakulima wa Theta yalikuwa yameanza kutoa jasho, na mshiri ukiukunja haukatiki kwa mlio, unapinda tu kama kamba ya kiatu. Mnunuzi hakuchukua hata kreti moja.

Nilichapisha rekodi meneja akiwa amesimama nyuma yangu. Saa nane mchana chumba cha sita kilikuwa kimetolewa nyuzi nne kikapelekwa kumi na nane. Kwenye mstari huo huo, mahali pa aliyegeuza, palikuwa na jina la Guka.

"Umeona?" meneja akasema.

"Nimeona jina."

"Si ni kitu kimoja?"

Guka alisema kwamba saa nane alikuwa nyuma akisafisha feni ya kompresa, peke yake. Hakuwa na shahidi ila feni. Kesho yake akapewa barua: akae nyumbani, na baada ya siku kumi na mbili aje aeleze kwa nini asifukuzwe. Afisa wa wafanyakazi akamwonyesha na njia ya mkato. Akitaka, ajiuzulu mwenyewe kabla ya kikao, mambo yaishe kwa heshima.

Nilimfuata meneja ofisini.

"Mfumo haudanganyi, madam," akaniambia.

"Haudanganyi, bosi. Lakini inawezekana haujui."

"Kazi yako ni kuchapisha."

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo huwezi kuelewa lolote. Mfumo wa kompyuta ulipowekwa, kontrakta aliwafungulia akaunti waendeshaji watatu waliokuwepo. Mmoja alipata kazi kwingine, mmoja akarudi kwao, na akaunti zao zikafungwa. Guka akabaki. Waliokuja baadaye walitakiwa kujaza fomu itiwe sahihi katika ofisi ya Thika, na sahihi ya Thika ilikuwa kama mvua ya Januari. Basi kila mgeni alionyeshwa kiti na kuambiwa, "Ingia tu kwa Guka." Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nzito juu ya fremu ya skrini. Zamu ya asubuhi iliingia kwa Guka, ya mchana kwa Guka, ya usiku kwa Guka.

Na hakuna aliyefunga akaunti akimaliza zamu. Kwetu, kumfungia mwenzako skrini kulikuwa ukosefu wa adabu, kama kuona mgeni anakuja ukaingia ndani ukatia komeo. Unamaliza, unasimama, unaacha kiti kingali na joto na mashine ingali wazi, na anayekuja anakushukuru. Guka mwenyewe aliona fahari. "Mimi ni kama stima," alikuwa akitania, akijilinganisha na umeme. "Kila mtu ananitumia na hakuna anayeniona."

Niliiona desturi hiyo kwa miaka, na niliipenda. Hata mimi nimeingia kwa Guka.

Miezi minne kabla ya Jumatano ile nilikuwa nimejiandikisha katika darasa la Jumamosi mjini Thika, ghorofani juu ya duka la rangi, kujifunza kuchanganua vitisho na hatari katika mifumo mikubwa ya kompyuta. Sikwenda na ndoto kubwa. Nilikuwa nimechoka kuitwa "yule wa kuchapisha". Wenzangu walikuwa vijana watupu. Mmoja aliponiona mlangoni alisimama kunipisha, akidhani mimi ni mzazi nimekuja kuuliza karo.

"Kaa tu," nikamwambia. "Mimi pia nimekuja kufeli."

Mwalimu alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza hakutaja kompyuta. Aliuliza nani amewahi kula nyama choma Kamakis, na mikono yote ikapanda.

"Unachagua mbavu zako kwa mchinjaji," akasema. "Anapima. Zinaenda jikoni zinachomwa. Baada ya saa nzima zinakuja mezani zimekatwakatwa. Unajuaje ni zile zako?"

Darasa likalipuka.

"Hujui!"

"Mimi huzichoma kijiti, naweka alama."

"Na mchomaji akihamisha kijiti?"

"Ai, mimi husimama hapo hapo kwa jiko, nazitolea macho."

"Na ukishikwa na choo?"

"Nitajikaza, madam!"

Tulipomaliza kucheka, tayari alikuwa amechora ubaoni: dirisha la mchinjaji, mizani, jiko, sinia, meza, na mishale katikati. Kila mshale, alisema, ni mahali nyama inapobadilisha mikono, na kila inapobadilisha mikono kuna maswali ya kuuliza. Nani anaweza kuibadilisha? Nani anaweza kujifanya ndiye mwenyewe? Nani anaweza kuizuia isifike? Na ikipotea, nani anaweza kukana asikamatike?

Akatupa maneno matatu tusiyachanganye, nami nakupa wewe kwa sababu yalinisaidia kuliko kitabu kizima. Mchomaji mwenye tamaa ni tishio. Kijiti kinachong'oka kirahisi ni udhaifu. Hatari ni hayo mawili pamoja na machungu yatakayokupata. Kama ni chakula chako cha Jumapili, unasonya unakula. Kama wakwe wamekaa mezani wakingoja mbavu ulizowaahidi, hiyo ni hatari ya namna nyingine, ingawa mchomaji ni yule yule na kijiti ni kile kile.

"Tamaa ya watu hamtaimaliza," alisema. "Kijiti ndicho kilicho mikononi mwenu."

Usiogope somo hili kwa sababu ya jina lake refu. Kama unaweza kusimulia jinsi nyama ilivyosafiri kutoka dirishani hadi mezani, unaweza kulianza. Mimi nilianza hivyo, nikiwa na miwani ya kusomea na vijana wakininong'oneza majibu.

Jumamosi iliyofuata barua ya Guka nilibaki darasani wenzangu walipotoka, nikamweleza mwalimu kila kitu. Nilimaliza kwa swali lililokuwa likinichoma: ni nani aliyegeuza?

Alifikiri kidogo. "Swali hilo litakuharakisha," akasema. "Usianze na mwizi. Anza na njia. Chora kila njia inayofika chumba cha sita, hata zile usizozipenda."

Nilimwelewa vizuri, na Jumatatu nikafanya kinyume chake. Kulikuwa na dereva wa lori, mtu wa kwetu magharibi, tuliyezoea kusalimiana kwa lugha ya nyumbani. Madereva wetu huchaji simu katika chumba cha mitambo kwa sababu ndicho pekee ambamo umeme haukatiki, na nilikumbuka kuiona simu yake Jumatano ile ikining'inia kwenye kompyuta yenyewe. Nikamfuata uani.

"Ndugu yangu, Jumatano saa nane ulikuwa wapi?"

Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Kwani siku hizi umekuwa polisi?"

"Simu yako ilikuwa imechomekwa pale."

"Na chaja yako, mama, si nayo hushinda pale? Basi twende tufungwe sisi wawili, watu wa kijiji wapate cha kusema."

Alisema kwa mzaha, lakini uso haukucheka. Akapanda lori akabamiza mlango. Nilibaki nimesimama na aibu yangu. Meneja alikuwa ameona jina akasema ni mtu. Mimi nimeona simu nikasema ni mtu. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nimefundishwa.

Kesho yake nilimtafuta kabla hajaanza kupakia.

"Nisamehe. Nilianza na mwizi."

"Ulianza na mimi."

"Ndiyo. Nilianza na wewe, na nilikosea."

Alikaza kamba ya turubai. Kisha akaniuliza hasa ninatafuta nini. Nikamwambia sitafuti mtu, ninatafuta njia zote za kufika kwenye ile mashine.

"Basi mbona hujauliza kuhusu kile kisanduku?" akasema.

"Kisanduku gani?"

Akanipeleka chumba cha mitambo, akajipenyeza nyuma ya kabati la nyaya, akaniita niiname. Kulikuwa na kisanduku cheusi kidogo kama sanduku la sabuni, chenye antena fupi na taa ya kijani iliyokuwa ikipepesa. "Nikichaji simu hukiona kikilala na kuamka," akasema. "Kina laini ya simu ndani. Mimi nilidhani ni redio ya askari wa geti."

Kilikuwa na jina la kontrakta ubavuni; ni kifaa alichokiacha siku ya kuweka mfumo, ili mafundi wake waweze kuingia kutoka Nairobi bila kupanda gari. Hakikuwa kwenye karatasi yoyote ya kampuni. Na kontrakta huyo ndiye aliyemchagulia Guka neno la siri siku ya kwanza, neno ambalo halikuwahi kubadilishwa.

Siku tatu nilichora. Watu walinipita wakinitania, "Madam, unatuchora sura?" Nikawaambia sura zao hazinihusu. Mchoro ulipokamilika ulikuwa na njia nne za kufika chumba cha sita. Ya kwanza ni kiti chenyewe, kilicho wazi kwa yeyote anayekuja kuchaji simu. Ya pili ni kompyuta ya ofisi ya Thika, iliyounganishwa na hii ya Ruiru na inayoweza kuiamuru. Ya tatu ni tundu la kompyuta ambamo madereva huchomeka simu zao, na simu si betri tu, inaweza kubeba programu za watu wengine. Ya nne ni kile kisanduku. Na njia zote nne, ukizifuata hadi mwisho, zinaandika jina moja.

Kisha nikaharibu. Nikaandika ripoti ya kurasa kumi na nane yenye hatari arobaini, zote nimezipaka nyekundu, kuanzia kisanduku hadi panya wanaotafuna nyaya. Jumamosi ya pili nikaiweka mbele ya mwalimu nikingoja sifa. Aliisoma yote bila haraka.

"Ukipaka kila kitu nyekundu," akasema, "umemwambia meneja achague mwenyewe. Na atachagua panya. Panya hawamwaibishi mtu."

Tulicheka, lakini aliniketisha. Kwa kila mstari akaniuliza maswali mawili tu: hili linaweza kutokea kwa urahisi gani, na likitokea nani anaumia? Kufikia saa saba arobaini zilikuwa tatu, na kurasa kumi na nane zilikuwa ukurasa mmoja. Sijawahi kujifunza kitu kigumu kuliko kufuta nilichojua ni kweli ili kilicho muhimu kionekane.

Kutoka Thika nilishuka Witeithie kununua mkate na majani ya chai, huendi kwa mtu mikono mitupu, kisha nikachukua bodaboda hadi Theta. Nilimkuta Guka nyumbani kwake ameinamia friji ya jirani iliyolazwa ubavu uani.

"Mami, umekuja kunipa pole?"

"Nimekuja kukuuliza maswali."

"Hayo nitapokea. Pole zimejaa, hata hazina pa kukaa."

Mkewe alituletea chai, akaniangalia kama mtu anayetaka nimsaidie jambo asilolisema. Nililijua Guka alipoingia ndani akatoka na karatasi. Ilikuwa barua ya kujiuzulu, imeshachapwa na afisa wa wafanyakazi, imebaki sahihi tu.

"Huyu mama anataka nitie, nipumzike," akasema. "Sikatai, amechoka. Lakini hiyo mishiri ni ya nani? Ni ya hawa majirani. Ni wa kanisa letu. Jumapili iliyopita walinisalimia kwa kichwa, mkono hakuna. Nikitia sahihi hapa, jina langu litabaki kule ndani milele likisema mimi ndiye niliyewaozeshea mali. Hata nikifa litakuwa linasema."

"Usitie."

"Sijasema nitatia. Nimesema nimepewa kalamu."

Nilimweleza kazi yangu ilipofika. Rekodi ndiyo ushahidi pekee walio nao, nikamwambia, kwa hiyo hatuhitaji kumjua aliyegeuza. Tunahitaji kuonyesha kwamba jina lake katika rekodi halimaanishi yeye. Nikamuuliza kama kuna siku ambayo kila mtu anajua hakuwa kazini, siku isiyoweza kubishaniwa hata na meneja.

Alijifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Siku niliyomzika ndugu yangu," akasema. "Meneja si ndiye alisoma rambirambi za kampuni? Alisimama na mimi kando ya kaburi kwa jua lile, hadi akashikwa na kichwa."

Jumatatu asubuhi nilifungua faili. Siku ya mazishi, jina la Guka lilikuwa limegeuza baridi mara kumi na moja. Saa tano asubuhi, wakati meneja ameshika kipaza sauti huko Murang'a, Guka alikuwa Ruiru akipunguza chumba cha pili. Saa saba, jeneza likishushwa, Guka alikuwa akipandisha cha nane. Niligeuza kurasa nyuma, mwezi baada ya mwezi. Kwa mujibu wa rekodi zangu mwenyewe, nilizozifunga kwa uzi na kuzipiga muhuri, mzee huyu hakuwa amelala wala kuugua wala kwenda kanisani kwa miaka.

Halafu nikauona ule mstari wa saa tano vizuri. Chumba cha pili. Ulikuwa ni mimi. Opereta alikuwa ameenda kula, joto likawa linapanda, nikaketi nikalipunguza na kurudi zangu kwenye makaratasi. Ningeweza kuuacha nikatumia ile kumi mingine. Hakuna ambaye angejua, na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Nikaupigia mstari chini yake kwa kalamu.

Sheria inamruhusu mfanyakazi kuja kwenye kikao cha namna ile na mwenzake. Jumanne Guka aliingia amevaa suti ya kahawia, na mwenzake nikawa mimi. Afisa wa wafanyakazi alinitazama.

"Madam, tulizungumza. Hii si kazi yako."

"Leo ni kazi yangu. Nimealikwa."

Meneja akasoma rekodi ya Jumatano kwa sauti. Jina, chumba, saa. Akaiweka chini kama mtu aliyemaliza mchezo wa karata. Nami nikampa ukurasa wa siku nyingine, nikamwomba asome pia.

Akasoma. Saa tano, chumba cha pili. Jina la Guka.

"Bosi," nikasema, "saa tano siku hiyo Guka alikuwa wapi?"

"Nitajuaje?"

"Alikuwa kando yako. Mlikuwa mnamzika ndugu yake. Wewe ndiye uliyesoma rambirambi."

Afisa wa wafanyakazi aliivuta ile karatasi upande wake.

"Basi huyu ni nani?" akauliza, kidole juu ya mstari.

"Ni mimi. Niliingia kwa Guka, kama tunavyoingia wote. Mistari mingine kumi ni ya wengine, na sitawataja kwa sababu siwajui. Hata mashine haiwajui."

"Unakubali ulitumia akaunti ya mtu mwingine?"

"Nakubali. Andika."

Akaandika. Meneja akapata pumzi. "Sawa. Kama si yeye Jumatano, ni nani? Nipe jina."

"Sina jina."

"Basi umetuletea nini?"

Nikatandaza mchoro mezani. Nikawaonyesha njia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, bila haraka, kama ninavyomsaidia mwanangu hesabu. Nilipofika kwenye kisanduku, meneja akanikatiza. "Kisanduku gani?" Nikamwambia tunaweza kutembea, ni hatua thelathini. Akatembea. Akainama nyuma ya kabati na shati lake jeupe, akakitazama kikipepesa taa. Aliporudi alikuwa na utando wa buibui begani na hakuna aliyemwambia.

"Wateja wakisikia kampuni iko wazi namna hii?" akasema, sasa kwa sauti ya chini.

"Wateja wa Theta walishasikia," nikasema. "Mishiri yao ndiyo iliyooza. Ukimfukuza Guka leo, kesho njia zote nne ziko pale pale, ila jina la kusingizia ndilo litakuwa limekwisha."

Afisa alipomuuliza Guka kama ana la kuongeza, alitoa ile barua ya kujiuzulu mfukoni, akaikunjua, akamrudishia. "Hii ni yako," akasema. "Uliisahau kwangu."

Wiki moja baadaye barua ya kumsimamisha ilifutwa. Hawakuomba msamaha. Mimi nilipewa onyo la maandishi kwa kutumia akaunti isiyo yangu, nami nikalitia sahihi bila kulalamika, kwa kuwa lilikuwa kweli. Kila mwendeshaji alifunguliwa akaunti yake, na fomu zilizokuwa haziishi Thika ziliisha kwa siku mbili. Kisanduku kilichomolewa. Kontrakta alipoandikiwa alijibu kwamba kilikuwa cha huduma tu na hajui lolote kuhusu Jumatano ile. Huenda anasema kweli. Mpaka leo sijui aliyegeuza, na simsingizii mtu. Darasani nimeshaulizwa mara nyingi kama hilo halininyimi raha. Linaninyima. Lakini nilijifunza kusema "sijui" mbele ya watu waliotaka jina, nikasimama papo hapo, na paa halikuanguka.

Kazi ikabaki moja. Siku ya kurudi, Guka alikuja moja kwa moja mezani kwangu hata kabla ya kuvaa koti.

"Sasa toa jina langu kwenye Jumatano," akasema.

Nikamweleza kwamba haiwezekani, na si vizuri iwezekane. Rekodi inayoweza kufutwa na karani mwenye huruma inaweza kufutwa pia na mtu mbaya. Mstari ule utakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Nimeelewa. Usifute. Ongeza."

Tuliandika pamoja. Kuwa akaunti hii ilitumiwa na watu wengi katika zamu zote. Kuwa aliyegeuza chumba cha sita hajulikani. Kuwa mwenye jina hili hakupatikana na kosa. Nilichapisha nakala mbili, moja ya faili, na nyingine Guka akasema ataibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa. Tukapanda ngazi hadi kwa meneja.

Aliisoma. Akasema haoni haja, mambo si yalishaisha? Guka akavuta kiti, akaketi, akaweka kofia magotini. Nami nikabaki nimesimama mlangoni. Simu ya meneja ikalia, akaiacha ilie. Mwisho akachukua kalamu akatia sahihi nakala zote mbili, akazisukuma upande wetu.

Guka akaivuta ya juu, akaisoma neno kwa neno, midomo ikisogea. Kisha akairudisha.

"Tarehe," akasema. "Hujaweka tarehe."

Meneja akaweka tarehe.